Cheong Ah-lum: Tribinali Ilimuachilia, Serikali Ikamufukuza

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, mara hii tunawaletea maisha ya mutu wa mbali sana. Lakini habari yake inatugusa sisi tuliorudi.

Cheong Ah-lum alikuwa Muchina, mufanyabiashara wa Hong Kong, kisiwa ambacho Waingereza walikifanya koloni yao miaka ya 1840. Alikuwa na nyumba kubwa ya kupikia mikate, jina lake Esing. Wazungu wengi wa muji walikula mukate wake kila asubuhi.

Mwaka 1856 vita ikawaka tena kati ya Uingereza na China. Tangu hapo Muchina wa Hong Kong, hata kama anatafuta chakula cha watoto tu, alitazamwa kama adui.

Tarehe 15 mwezi wa kwanza 1857, watu mia kadhaa, karibu wote Wazungu, walikula mukate wa Esing wakaanza kutapika. Ndani mulikuwa sumu, arseniki. Ilikuwa nyingi mno hata tumbo likaitupa inje mara moja. Ndiyo sababu karibu wote walipona. Bibi ya Gavana John Bowring naye aligonjwa.

Asubuhi ile ile Cheong alikuwa amepanda meli na familia yake kwenda Macau. Basi watu wakasema: ni yeye, anakimbia! Kumbe hata familia yake ilikula mukate ule, ikagonjwa njiani.

Akakamatwa, akarudishwa. Wazungu wengine walitaka auawe palepale. Gavana akakataa, akataka tribinali iamue. Wakati huo Wachina wengine zaidi ya 40 walisongamana siku nyingi katika chumba kimoja kidogo cha polisi.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa pili, mbele ya Jaji Mukuu John Walter Hulme. Mushitaki wa serikali, Thomas Chisholm Anstey, alimukazia sana. Lakini ushahidi ulikuwa wapi? Mutu anayeishi kwa kuuza mukate atapata faida gani akiua wateja wake, tena akiwalisha watoto wake sumu ile ile? Wazee wa baraza walikuwa sita. Watano walisema hana kosa, mumoja tu akakataa. Cheong akaachiliwa.

Hapo ndipo ungefikiri mambo yameisha. Hapana! Serikali ikamukamata tena, safari hii kama mutu wa kushukiwa tu, bila kosa jipya. Akakaa buloko miezi. Mwisho wa mwezi wa saba wakamutoa kwa sharti moja: aondoke koloni, asirudi miaka mitano. Biashara yake ikafa. Baadaye aliishi Vietnam, akaanza upya. Aliyetia sumu hakujulikana kamwe.

Ndugu, tribinali ilifanya kazi yake, lakini serikali na watu wa muji walibaki na hukumu yao moyoni, na hiyo ndiyo iliyomufukuza. Sisi tunajua uzito wa neno "anashukiwa". Mutu anarudi kijijini, karatasi zake ziko sawa, lakini jirani anamunong'onezea jirani, na shamba halimurudii. Kwa hiyo mwenzetu akionekana hana kosa, tumupokee waziwazi, mbele ya watu, tukae naye, tumusaidie kuanza. Karatasi peke yake haimurudishi mutu nyumbani. Watu ndio wanamurudisha.