Mfalme Najashi, Mkristo Aliyewapokea Waislamu wa Kwanza



Wapendwa wasomaji, leo tunatazama maisha ya mfalme wa Kiafrika aliyefariki karibu miaka 1,400 iliyopita. Waislamu humwita Najashi. Hilo ni jina la cheo, yaani mfalme. Jina lake mwenyewe, kadiri ya mapokeo yao, lilikuwa As-hama. Tumemchagua kwa sababu habari za mwanzo wa Uislamu zinapita katika jumba lake, na jumba hilo lilikuwa la Kikristo.

Najashi alitawala Aksum, katika Uhabeshi, nchi tunayoiita leo Ethiopia. Ukristo ulikuwa umekita mizizi huko tangu karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana, kwa kazi ya Mtakatifu Frumentius, aliyewekwa wakfu kuwa askofu na Mtakatifu Athanasius wa Alexandria.

Habari za maisha yake zimehifadhiwa na Waislamu wenyewe, hasa na mwandishi Ibn Ishaq wa karne ya 8. Wanasimulia kwamba baba yake aliuawa na baba yake mdogo akatawazwa. Kijana alipoonekana kuwa na akili nyingi, wakubwa walimwogopa wakamuuza utumwani. Mara baba mdogo akapigwa radi akafa. Watu wakamkimbilia yule kijana, wakamrudisha na kumvika taji. Mfanyabiashara aliyemnunua akaja kudai fedha zake, na mfalme mpya akaamuru arudishiwe. Hiyo ndiyo hukumu yake ya kwanza inayokumbukwa: kumtendea haki mtu aliyemnunua kama mtumwa.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika mji wa Makka, Muhammad aliyezaliwa mnamo mwaka 570 alianza kuhubiri mwaka 610 kwamba Mungu ni mmoja tu. Makka ulikuwa mji wa hija na biashara, na Kaaba ilijaa sanamu. Kabila lake la Kuraishi liliona mahubiri hayo yanatishia miungu yao na heshima yao, likaanza kuwatesa wafuasi wake, hasa watumwa na maskini. Mnamo mwaka 615 aliwashauri wavuke kwenda Uhabeshi, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kundi la kwanza lilikuwa na wanaume 11 na wanawake 4, akiwemo Ruqayya, binti yake, na mumewe Uthman. Baadaye wanaume walizidi 80, pamoja na wake na watoto.

Makuraishi walituma wajumbe wawili wenye zawadi za ngozi nzuri. Waliwapa kwanza wakuu wa jumba, wakiwaomba wamshauri mfalme awatoe wakimbizi bila kuwasikiliza. Najashi alikataa. Aliwaita wageni, akawaita na maaskofu wake, akauliza dini yao ni ipi.

Jafar, binamu yake Muhammad, ndiye aliyejibu. Alieleza kwamba zamani waliabudu sanamu, walikata undugu, na mwenye nguvu alimla mnyonge. Sasa wamefundishwa kumwabudu Mungu mmoja, kusema kweli, kurudisha amana, kumtendea mema jirani, kutokula mali ya yatima, kusali, kutoa sadaka na kufunga. Humo tunaona chipukizi za zile ziitwazo nguzo tano: shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani na hija. Kisha akasoma sehemu ya sura ya Kurani iitwayo Maryam, inayosimulia kuzaliwa kwa Yohane na Yesu. Mfalme alilia hata ndevu zikalowa, na maaskofu wakalia naye.

Kesho yake wajumbe walirudi na hoja nzito zaidi: watu hawa wanamshusha Kristo. Jafar hakuficha kitu. Alisema kwamba kwao Yesu ni mtumishi na mtume wa Mungu, roho itokayo kwake, na neno lake alilompa Bikira Maria. Wakuu wa jumba walinung'unika, lakini mfalme aliwahakikishia wageni usalama na kurudisha zawadi za Makka.

Kwetu sisi Wakatoliki jibu la Jafar halitoshi. Tunakiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, Mungu kweli, aliyekufa msalabani na kufufuka. Uislamu haukiri hivyo. Tofauti hiyo tusiifunike kwa maneno matamu. Hata hivyo Najashi hakuifanya sababu ya kuwatoa wanyonge mikononi mwa watesi wao.

Jafar na wenzake walirudi Uarabuni mwaka 628. Najashi alifariki mnamo mwaka 630, na Muhammad akamswalia kutoka mbali. Waislamu husema alikufa akiwa Mwislamu. Ufalme wake ulibaki wa Kikristo. Hatuna haja ya kugombea kaburi lake.

Sisi wa hapa Mwamanyili tunakutana na Waislamu sokoni, shuleni na misibani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwaheshimu, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii, na Maria mama yake. Mseminari anayejifunza Uislamu kwa wapinzani wake tu anafanya kile walichotaka wajumbe wa Makka: kuhukumu bila kusikiliza. Vivyo hivyo muumini anayesambaza maneno ya kuwakejeli majirani zake bila kuwauliza wanaamini nini.

Najashi aliuliza, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaamua. Mungu atujalie moyo wa namna hiyo, tukisimama imara katika imani yetu na bila kumwonea jirani.