Seve, mtoto wa mchangani aliyepiga gofu kwa miguu

MAJI yakikupwa pale Nyamisati, kata ya Salale huku Kibiti, watoto wanateremka na mpira hadi kwenye tope la pwani, wanachomeka miti minne na gemu linaanza. Nilikuwa nasubiri boti ya kwenda Mafia, nikajikuta nimekaa karibu saa nzima naangalia. Kulikuwa na dogo mmoja mwembamba, peku, ambaye shuti lake lilikuwa zito kuliko la wote. Wenzake waliomzidi mwili walikuwa wanateleza, wanakaa chini, mpira unakwenda hatua tano. Yeye anaukita mguu wa kushoto kando ya mpira, kifua kinakaa juu yake, kiuno kinazunguka, na uzito wote unatoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Kipa kazi yake ikawa moja tu, kuufuata mpira kwenye maji.

Tope halina huruma. Ukiupiga mpira huku mwili umebaki nyuma, unaanguka na wenzako wanakucheka. Hakuna kocha pale, tope lenyewe ndo kocha.

Nikamkumbuka Seve Ballesteros.

Najua huu ni ukurasa wa soka, na wengi wenu gofu mnaijua kwa kuchungulia uzio wa Gymkhana mkipita na daladala. Vumilieni kidogo. Huyu jamaa alikuwa mtu wa mchangani kama sisi, na habari yake inamhusu kila anayepiga shuti.

Severiano Ballesteros alizaliwa Aprili 9, 1957, Pedreña, kijiji kidogo kaskazini mwa Hispania kando ya ghuba ya Santander. Bahari ya pale inapwa na kujaa, watu wanavua na kuokota chaza, wengine wanafuga ng'ombe. Baba yake, Baldomero, alikuwa mkulima na mpiga makasia hodari kwenye mashindano ya boti. Nyumba yao ilikuwa jirani na uwanja wa gofu wa matajiri. Watoto wa kijiji waliruhusiwa kuingia kama kedi, yaani wabeba mikoba, basi. Kucheza hapana.

Gofu ilikuwa imeshaingia kwenye damu ya ukoo. Mjomba wake, Ramón Sota, alimaliza wa sita kwenye Masters ya 1965 kule Marekani. Kaka zake watatu wote waliishia kuwa wachezaji wa kulipwa. Mdogo wao alianza na kichwa kibovu cha fimbo ya chuma namba 3, anakichomeka kwenye kijiti chochote anachookota, anapiga mawe. Baadaye kaka yake Manuel akampa fimbo nzima. Namba 3 hiyohiyo. Moja tu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mchezaji wa gofu anabeba mpaka fimbo 14 kwenye mkoba. Kuna za kupiga mbali, za kunyanyua juu, za kutoa mpira kwenye mchanga, na ile ya kusukumia shimoni. Namba 3 ni ya kupiga mbali mpira ukiwa chini chini, na ni ngumu hata kwa wakubwa. Seve aliitumia kwa kila kitu, tena ufukweni, bahari ikiwa imekupwa. Jioni akawa anapenya kwa siri kwenye uwanja wa matajiri, anacheza mashimo machache kabla ya giza.

Sasa fikiria kupiga mpira mdogo wa gofu kwenye mchanga kwa fimbo kama hiyo. Lazima chuma kiuguse mpira kwanza, ndipo kiguse mchanga. Ukibaki na uzito kwenye mguu wa nyuma, fimbo inachota mchanga kabla ya kufika na mpira unaruka kama chura. Ukitanguliza kifua, unaukata kichwa. Njia ni moja tu, mwili uhame kwa wakati wake. Yule mtoto wa Pedreña aliyajua haya kabla hajakutana na mwalimu yeyote.

Watu wengi wanadhani gofu ni mchezo wa mikono. Hapana bana. Kwa anayepiga kwa kulia, uzito unaanza katikati, nusu kila mguu, magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka, na kuinama kunatoka kwenye nyonga, siyo kwa kupinda mgongo kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Fimbo ikirudi nyuma, bega la kushoto linakuja chini ya kidevu na uzito unahamia mguu wa kulia, lakini upande wa ndani wa unyayo. Ukiusikia umetoka nje ya unyayo, ujue umeyumba, na kurudi kwa wakati itakuwa bahati.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi. Fimbo ikiwa bado juu, mwili wa chini unaanza kurudi. Mguu wa kushoto unakita, nyonga ya kushoto inafunguka, kifua kinafuata, halafu mabega, na mikono inakuja mwisho kabisa kama mkia wa taa. Anayeanza na mikono anakuwa ameitupa nguvu yote kabla ya kufika kwenye mpira. Ukitaka kujipima, angalia ulivyomaliza. Kitovu kinatazama ulikopiga, kisigino cha kulia kiko juu, na unaweza kusimama hapo ukahesabu mpaka tatu bila kuyumba. Ukidondokea nyuma, uzito haukuhama.

Straika anayepaisha mpira juu ya mtambaa panya dakika ya 90 ana ugonjwa huohuo. Mwili umelala nyuma. Na mzee wa Salale anayesukuma mtumbwi kwa upondo naye analijua somo hili, maana hasukumi kwa mikono, anauegemea, anausindikiza kwa miguu, na mtumbwi unateleza.

Seve aliingia kwenye gofu ya kulipwa 1974, akiwa na miaka 16. Miaka miwili baadaye, Royal Birkdale, Uingereza, kijana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyekuwa anamjua akaongoza The Open siku tatu. Johnny Miller akampita siku ya mwisho, yeye akamaliza wa pili sawa na Jack Nicklaus. Kumaliza wa pili ukiwa sawa na Nicklaus, kwenye umri ambao wengine tunasubiri matokeo ya kidato cha sita!

Halafu akaja kwetu, au tuseme jirani. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open, Nairobi, uwanja wa Muthaiga. Mashindano hayo yalikuwapo tangu 1967, na wazungu wengi wa Ulaya walikuwa wakiyatumia kukimbia baridi na kutafuta hela ya mwanzo wa msimu. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ulivyozoea, kwa hiyo mgeni lazima apige hesabu upya. Mashabiki wa Kenya walimwona kwa macho yao. Sisi mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, kwa hiyo mtu wa Arusha asingeweza kupanda gari tu akaenda kushangaa. Mwaka huohuo Seve alishinda pia Greensboro, Marekani, na dunia ikaanza kulitamka jina lake.

1979 akabeba The Open yenyewe, Royal Lytham. Kwenye shimo la 16 siku ya mwisho mpira wake ulikwenda kutua eneo la kuegesha magari. Magari yakaruhusiwa kusogezwa, yeye akapiga kutoka palepale, mpira ukapanda kwenye majani mafupi karibu na shimo, akautumbukiza. Tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka 1907, hakuna mtu wa Ulaya bara aliyekuwa amelichukua kombe lile. Mwaka uliofuata akavaa koti la kijani la Masters, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kufanya hivyo. Akarudia Masters 1983. The Open akalichukua tena 1984 St Andrews, alikoshangilia kwa kurusha ngumi hewani kama aliyefunga bao la ushindi la dabi, na 1988 Lytham kwa mikwaju 65 siku ya mwisho. Hayo ni makombe makubwa matano. Kwenye mzunguko wa Ulaya alishinda mara 50, na rekodi hiyo bado ni yake.

Kwenye Ryder Cup, ambayo ni Ulaya dhidi ya Marekani, alicheza sana na Mhispania mwenzake José María Olazábal. Mechi 15, wakashinda 11, sare mbili, wakafungwa mbili tu. Sijui pacha gani ya ushambuliaji hapa nchini ina hesabu kama hizo.

Lakini mwili ulikuwa unadai chake. Wachezaji wa miaka ile walikuwa wanasukuma nyonga mbele kwa nguvu huku kichwa kimebaki nyuma ya mpira, wanamaliza mgongo umepinda kama upinde. Seve alikuwa hivyo, tena kwa hasira. Uzuri wa shuti lake ulitoka hapo, na maumivu yakakaa hapohapo. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu ujana, na miaka ya 1990 ilipofika mpira ulikuwa hauendi tena anakotaka.

Akaanza kuzunguka kwa walimu. Alifanya kazi na David Leadbetter, akafanya na Mac O'Grady, na wengine. Walitaka mwili ukae tofauti, mzunguko uwe wa kutulia zaidi ili mgongo upone. Inasimuliwa kwamba yeye na O'Grady walikwenda jangwani Marekani wakachimba shimo, wakazika picha za upigaji wake wa zamani, kama mtu anayezika maiti.

Mimi hapo nasita. Nakubali mgongo ulikuwa mbovu na kitu kilibidi kibadilike. Ila nimewaona makocha wa timu za vijana wanaomkuta mtoto anapiga vizuri kwa namna yake ya mchangani, wanaanza kumfundisha upya kuanzia unyayo, na baada ya miezi sita mtoto hana namna ya zamani wala ya mpya. Anasimama mbele ya mpira anawaza. Seve wa miaka ile alikuwa anawaza. Mtoto wa ufukweni hakuwahi kuwaza mguu upi uhame lini, uliwahi kuhama wenyewe.

Ushindi wake wa mwisho ulikuja 1995, mashindano ya wazi ya Hispania, akiwa na miaka 38 tu. Umri huo kwenye gofu wengine ndo kwanza wanachanganya. Mwaka 1997 aliiongoza Ulaya kama nahodha asiyecheza, Valderrama, nyumbani kwao Hispania, akiendesha kigari kutoka shimo hadi shimo na kumwelekeza kila mchezaji mpaka wengine wakachoka naye. Wakashinda kwa pointi 14 na nusu kwa 13 na nusu.

Julai 2007, kule Carnoustie, akatangaza kustaafu. Oktoba 2008 alianguka uwanja wa ndege wa Madrid, ikagundulika ana uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara nne. Akafariki Mei 7, 2011, nyumbani Pedreña, umri miaka 54.

Mwaka uliofuata Ryder Cup ilichezwa Medinah, Marekani. Ulaya ikaingia siku ya mwisho ikiwa nyuma, pointi 6 kwa 10. Nahodha alikuwa Olazábal, na timu ilivaa nguo zenye kivuli cha Seve akiwa amerusha ngumi ile ya St Andrews. Wakapindua meza, 14 na nusu kwa 13 na nusu. Olazábal alilia mbele ya kamera.