Seyyid Barghash: Mfalme aliyeugua matende

Seyyid Barghash bin Said, aliyeitawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, hukumbukwa kwa kujenga Beit el-Ajaib na kuuletea Mji Mkongwe maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji. Mwaka 1873 alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini.

Miaka yake ya mwisho aliugua kifua kikuu na matende. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu. Alirejea Unguja mwezi Machi na kufariki dunia saa chache baadaye.

Zama hizo hatari ya mguu wa matende haikufahamika vyema. Ngozi yake hupasuka, na vijidudu vya streptokokasi hupenya na kuleta homa na uvimbe. Vikienea katika damu huweza kuua, hasa mgonjwa mwenye maradhi mengine sugu.

Unguja na Pemba zilianza kugawa dawa za matende kwa wananchi wote mwaka 2001. Kwa aliyekwisha kuvimba, kinga kubwa ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, yale yale ambayo Barghash aliwafikishia watu wake.