Florence Nightingale, muuguzi mwenye alirudi mgonjwa

Kila mwaka tarehe 12 mwezi wa tano, wauguzi wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na wa vituo vya afya vya ndani kabisa wanakumbuka siku yao. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo: njo siku alizaliwa Florence Nightingale, mu mwaka 1820. Wengi wanamjua kwa taa tu. Mwanamke anatembea usiku kati ya vitanda vya askari, taa mkononi. Ni kweli alifanya vile. Lakini miaka miwili tu ya maisha yake ilikuwa ya taa, na aliishi miaka 90. Ile mingine haisemwaki sana, na ndani yake kuna mambo yenye yanagusa kila mtu anayekesha na wagonjwa.

Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri, wenye kusafiri. Alizaliwa wakiwa Italia, mu mji wa Florence, wakampa jina la mji. Baba yake mwenyewe alimfundisha Kigiriki, Kilatini na hesabu, kitu chenye wasichana wachache sana walipata wakati ule. Akiwa na miaka 16 alisema Mungu amemwita kwa kazi. Nyuma yake akajua kazi yenyewe: kuuguza. Mama na dada yake wakawaka moto. Mu Uingereza ya wakati ule, lopitali ilikuwa mahali pa maskini, na muuguzi alihesabiwa kama mtumishi asiye na masomo, tena mlevi. Florence alingoja miaka mingi. Alikataa kuolewa na mwanaume mwenye alimpenda, juu aliona ndoa itamfungia nyumbani. Mu 1851 njo alipata miezi mitatu ya kujifunza kazi Kaiserswerth, Ujerumani, na mu 1853 akapewa kuongoza lopitali ndogo ya wanawake mu London.

Alikuwa na bundi. Ndiyo, bundi. Alimwokota Athens bundi akiwa kinda, akamlea, akambebaka mu mfuko wa nguo. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu hawalali. Yeye, bundi yule alipokufa mu 1854, alilia machozi, na ilikuwa wakati anafunga mizigo kwenda vitani.

Vita ilikuwa ya Krimea, Waingereza, Wafaransa na Waturuki kupigana na Warusi. Waziri Sidney Herbert, rafiki yake, alimwomba apeleke wauguzi. Waliondoka London tarehe 21 mwezi wa kumi 1854, yeye na wanawake 38, na wakafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja. Lopitali ilikuwa kambi ya zamani ya askari wa Kituruki, jengo kubwa sana. Majeruhi na wagonjwa walivushwa Bahari Nyeusi kwa meli, wengine wakifia njiani. Wenye walifika walilazwa chini, na nguo zenye damu na chawa. Sabuni hakuna, sahani hakuna, shuka safi hakuna.

Waganga wa jeshi hawakuwataka. Hapa Florence alifanya kitu chenye kinaonyesha akili yake: aliwakataza wauguzi wake kugusa mgonjwa hata mmoja bila muganga kuwaita. Wakakaa wanashona mito na bandeji, huku wanasikia watu wanalia. Ilikuwa ngumu. Lakini siku chache tu, majeruhi wa mapigano ya Inkerman wakamiminika, na waganga wenyewe wakaja kuwaita. Toka hapo hakuna mwenye aliweza kusema wanawake wale walijiingiza kwa nguvu.

Kazi yake ya kwanza haikuwa dawa. Ilikuwa brashi za kusugulia sakafu. Alikodi nyumba akaweka mitungi ya kuchemsha maji, akalipa wake za askari wafue nguo. Alipanga jiko la chakula cha wagonjwa dhaifu. Aliandikia familia za wenye walikufa, na akasaidia askari kutuma franga nyumbani badala ya kuzinywa. Usiku, nyuma ya saa mbili, hakuruhusu mwanamke mwingine abaki mu vyumba vya askari. Njo maana taa ilikuwa yake.

Lakini watu waliendelea kufa. Mu mwezi wa pili 1855, kwa wagonjwa 100 wa lopitali, zaidi ya 40 walikufa. Si kwa risasi: wengi walikufa kwa kuhara, kolera na tifusi. Jengo lilikuwa limekaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, hewa mbaya ilipanda mpaka vitandani, na maji ya kunywa yalipita kwenye mzoga wa farasi. Mu mwezi wa tatu serikali ilituma tume ya usafi. Wakazibua mifereji, wakatoa mizoga, wakapaka chokaa, wakafungua hewa. Kufikia mwezi wa sita, vifo vilishuka mpaka karibu 2 kwa 100.

Msomaji, shika hesabu hiyo, maana njo ilimfuata Florence mpaka nyumbani.

Mu mwezi wa tano 1855 alikwenda Krimea kwenyewe, akaanguka na homa kali karibu afe. Alipona nusu, akarudi kazini. Vita ilipoisha, mu 1856, Uingereza ilitaka kumpokea kwa shangwe. Yeye alisafiri kwa jina la bandia, Miss Smith, akatembea kwa miguu kutoka stesheni ya treni mpaka kwao.

Hakurudi mzima. Chakula kilimshinda, usingizi ukapotea, moyo ulidunda ovyo. Alikumbuka vijana wenye aliacha makaburini. Pamoja na William Farr, mtaalamu wa takwimu, alianza kuchambua vifo vya jeshi, na hesabu zikaonyesha wazi kama lopitali yenyewe iliua watu. Baadhi ya waandishi wa historia wanaona njo hapo alivunjika: kujua kama wenye alifunga vidonda na kulisha kwa kijiko, jengo lilikuwa linawaua wakati anawauguza. Mu mwezi wa nane 1857 alianguka kabisa. Alikuwa na miaka 37. Kwa miaka mingi nyuma yake aliishi paka mu chumba, mara nyingi kitandani.

Waganga wa siku zetu wenye walisoma dalili zake wanafikiri ilikuwa bruselosi, ugonjwa wenye kupita kwa maziwa mabichi, wafugaji wetu wanaujua. Unaleta maumivu ya mgongo, homa yenye kurudi na huzuni nzito. Pengine ni huo, pengine ni vita, pengine vyote viwili pamoja. Watu wengine walisema anajifanya. Muuguzi mwenye alishasikia maneno hayo kwa mkubwa wake wa kazi anajua yanavyouma.

Kutoka kitandani alitumika kuliko watu wazima kumi. Alichora vifo vya jeshi kwa rangi, mwezi kwa mwezi, hata mtu asiyependa hesabu aone. Aliandika kitabu cha uuguzi kwa lugha rahisi: fungua dirisha, nawa mikono mara nyingi, usinong'one mlangoni mwa mgonjwa, mwangalie vizuri kabla ya kutoa ripoti. Kwa miaka mingi hakukubali habari ya vijidudu, hapo alikosea, lakini usafi wake ulifanya kazi hata hivyo. Mu 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London, ku lopitali ya St Thomas, kwa franga zenye wananchi walichanga.

Tusimfanye mtakatifu. Alisukuma wenzake sawa vile alijisukuma mwenyewe. Sidney Herbert, akiwa mgonjwa wa figo, alibebeshwa kazi ya kurekebisha jeshi mpaka mwisho, akafa mu 1861. Florence alikuwa amemkasirikia kwa kuchoka.

Kisha Agnes Jones. Mwanamke wa Irlandi, alisomea Kaiserswerth na mu shule ya St Thomas. Mu 1865 alikwenda Liverpool kuongoza uuguzi mu lopitali ya maskini, na wauguzi 12 wenye masomo, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Alitumika mchana na usiku. Mu mwezi wa pili 1868 alikufa kwa tifusi, miaka 35. Florence aliandika habari zake kwa heshima kubwa, na alijua kabisa kama kazi ilimchosha kabla homa haijamkuta.

Nyuma ya kifo hicho, tukiangalia miaka iliyofuata, tunamwona mwingine. Kutoka 1872 aliandikia wanafunzi wa shule barua karibu kila mwaka. Aliwaita mmoja mmoja mu chumba chake, wakanywa chai, akauliza habari za kazi. Wenye waliugua aliwatumia chakula, na wenye walichoka sana aliwalipia mapumziko kwa franga zake. Mkubwa mpya wa wauguzi akianza kazi, alikuta maua yametangulia.

Alikufa London tarehe 13 mwezi wa nane 1910, akiwa amelala. Serikali ilitaka kumzika Westminster Abbey, pamoja na wafalme. Familia ilikataa, juu yeye mwenyewe hakutaka makuu. Askari sita walibeba jeneza mpaka kaburi la familia, East Wellow, kijijini. Ku jiwe hawakuandika jina lake, paka herufi mbili, F.N., na miaka.