Gustave Eiffel na Miaka Kumi ya Kujifunza

Huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni, na wengi wameniuliza nitafanya kazi gani. Tangu siku ile baba aliponionyesha daraja la reli la Jinja, nami nikashangaa jinsi chuma kinavyobeba uzito wote ule, nimetaka kuwa injinia. Tena bwenini nimejigamba sana mbele ya wenzangu kwamba nikishapata digrii tu, nitafungua ofisi yangu mwenyewe ya kuchora majengo na kuyapigia hesabu, wala sitaajiriwa na mtu. Lakini likizo iliyopita nilisoma habari za Gustave Eiffel, na majigambo yangu yakapungua. Nataka kuwasimulia kwa kifupi.

Eiffel alizaliwa katika mji wa Dijon, Ufaransa, tarehe 15 Desemba 1832. Mama yake alikuwa mfanyabiashara hodari wa makaa ya mawe. Kijana huyu hakufaulu kuingia École Polytechnique, chuo kilichosifiwa sana, akaenda École Centrale ya Paris na kuhitimu mwaka 1855. Huko alijifunza hasa kemia, kwa kuwa alitazamiwa kufanya kazi katika kiwanda cha siki cha jamaa yao. Ukatokea ugomvi katika ukoo, na mambo ya siki yakaishia hapo.

Mwaka 1856 aliajiriwa na Charles Nepveu, mtu aliyeshughulika na vifaa vya reli. Haukupita muda, biashara ya Nepveu ikaanguka. Basi mapema kabisa Eiffel aliona kwa macho yake kwamba kujua kazi ni jambo moja, na kuendesha biashara ni jambo jingine. Hata hivyo Nepveu hakumtupa. Mwaka 1858, Eiffel akiwa na umri wa miaka 25, alikabidhiwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Garonne kule Bordeaux, lenye urefu wa mita 500 hivi. Ili kuweka misingi, hewa yenye nguvu iliingizwa katika mapipa makubwa ya chuma ili kuyazuia maji, na watu wakachimba chini ya mto. Kazi iliisha mwaka 1860. Baadaye alisafiri mpaka Misri kusimamia kukabidhiwa kwa injini za reli.

Mwishoni mwa mwaka 1866 ndipo alipoanza karakana yake huko Levallois-Perret, karibu na Paris, kwa fedha za kukopa. Hesabuni wenyewe: ni miaka kumi tangu aajiriwe mara ya kwanza. Katika miaka hiyo alikuwa amekwisha jua misingi, vyuma, bei, na namna ya kukaa na wafanyakazi.

Tena hakujidai kuweza yote peke yake. Mwaka 1868 alishirikiana na Théophile Seyrig, injinia mwenzake aliyeleta rasilimali. Mwaka 1875 walishinda zabuni ya daraja la Maria Pia katika mji wa Porto, Ureno, kwa sababu bei yao ilikuwa chini kuliko za wengine. Mto Douro una kina kirefu, hauwezi kusimamishwa majukwaa. Basi walijenga tao kutoka kila upande, likashikwa kwa kamba za chuma mpaka nusu mbili zikakutana. Tao hilo lina upana wa mita 160, nalo lilimalizika mwaka 1877. Hapo jina lake likavuma.

Hata ule mnara wa Paris uliokamilika mwaka 1889, wenye mita 300, wazo lake la kwanza lilitoka kwa mainjinia wawili wa ofisi yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Eiffel alijua kuchagua watu.

Lakini msidhani mambo yote yalimwendea vizuri. Mwaka 1891 daraja lililojengwa na kampuni yake huko Münchenstein, Uswisi, lilivunjika chini ya gari moshi, wakafa watu zaidi ya 70. Mwaka 1893 alihukumiwa kifungo kwa mambo ya fedha za mfereji wa Panama, ingawa mahakama ya juu iliifuta hukumu hiyo. Akaacha uongozi wa kampuni, akajitia katika uchunguzi wa nguvu za upepo. Alifariki tarehe 27 Desemba 1923, mwenye umri wa miaka 91.

Nilipofika habari za Münchenstein nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mwenye ofisi hiyo ninayoitamani ndiye atakayetia sahihi yake chini ya mchoro, na watu watapita juu ya sahihi hiyo pamoja na watoto wao. Sijaacha nia yangu. Ofisi nitaifungua, Mungu akipenda, lakini kwanza nitajifunza chini ya mikono ya wengine, hata ikiwa ni miaka kumi.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi za ujenzi, nawaombeni jambo moja: mkimwona kijana wa shule yetu mlangoni mwenu, mpeni japo kamba ya kupimia aishike. Huenda atakuwa mimi.