Msalaba wa Askofu Cuthbert

Kila mwaka tarehe 20 Machi twamkumbuka Mtakatifu Cuthbert, Askofu wa Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza. Jina lake wengi wetu tumelisikia, bali ni wachache tuvijuao vitu vidogo vilivyokuwa katika jeneza lake.

Cuthbert alizaliwa yapata mwaka 634. Ujanani alichunga kondoo vilimani, na mwaka 651 akaingia katika nyumba ya watawa ya Melrose. Alizoea kwenda kuhubiri katika vijiji vya milimani ambako wengine waliogopa kufika, akikaa huko hata majuma kadhaa. Mwaka 676 alijitenga katika kisiwa cha Farne ili asali. Mwaka 685 aliwekwa wakfu kuwa Askofu, ingawa hakukitamani cheo hicho. Alifariki kisiwani Farne mwaka 687.

Mwaka 875 watawa walilichukua jeneza lake wakikimbia maharamia, na mwaka 995 likafika Durham. Ndani yake mlikuwamo altare ndogo ya mbao, ya kubebwa safarini, yenye upana upatao sentimeta 13 tu. Imechorwa misalaba mitano, ukumbusho wa majeraha matano ya Bwana wetu. Kwa altare ya namna hiyo Ushirika Mtakatifu uliweza kuadhimishwa hata pasipo na kanisa.

Kifuani pake palikuwa na msalaba wa dhahabu, upana wake kama sentimeta 6. Mikono yake minne imejazwa vipande vya vito vyekundu, kila kimoja katika kijumba chake cha dhahabu. Wekundu ule watukumbusha Damu iliyomwagwa kwa ajili yetu. Mkono mmoja ulivunjika, ukatengenezwa tena zamani zile zile. Basi ulikuwa msalaba wa kuvaliwa, si wa kuwekwa sandukuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1530 wajumbe wa Mfalme Henry VIII walilibomoa kaburi lake la fahari, wakachukua dhahabu na vito. Msalaba ule hawakuuona, kwa maana ulifichika ndani ya mavazi yake. Ulionekana mwaka 1827, na hata leo umehifadhiwa Durham.

Ndugu wapendwa, mapambo ya nje yalichukuliwa yote. Kilichosalia ni kile kilichokaa karibu na moyo. Nasi tuvaao misalaba shingoni, na tujiulize: siku mapambo yetu yatakapoondolewa, ni nini kitakachoonekana ndani?