Békésy: Mtaalamu wa simu aliyefumbua siri ya sikio

MHUNGARI anayetajwa katika historia ya Taveta ni mkabaila Sámuel Teleki. Mwaka 1887 alipiga kambi katika msitu wa Mto Lumi akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi, akapafanya mahali hapo kituo chake cha kupandia Kilimanjaro, kisha akaelekea kaskazini hadi ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Teleki alikuwa mwindaji, na ndovu wengi walianguka mbele ya bunduki yake.

Miaka 12 baadaye, Juni 3, 1899, alizaliwa mjini Budapest Mhungari mwingine ambaye pia alimtafuta ndovu. Huyu hakuwa na haja na pembe. Alichokitaka ni kiungo kidogo kilichofichwa ndani kabisa ya fuvu la mnyama huyo, kilichojisokota kama gamba la konokono. Jina lake lilikuwa Georg von Békésy, na mengi ambayo madaktari wa masikio wanayajua leo kuhusu jinsi mtu anavyosikia yanaanzia katika meza yake ya kazi.

Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, hivyo utoto wa Békésy ulikuwa wa kuhamahama. Alisoma Munich, Konstantinopoli (Istanbul ya leo), Budapest na Zurich, kisha akachukua masomo ya kemia katika Chuo Kikuu cha Berne nchini Uswisi. Mwaka 1923 alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa katika fizikia na Chuo Kikuu cha Budapest.

Lakini shahada hiyo aliipata katika nchi iliyofilisika. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vile vile vilivyoleta reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Taveta na kuuacha mlima wa Salaita umejaa mahandaki mwaka 1916, viliisambaratisha himaya ya Austria na Hungaria. Kwa mkataba wa mwaka 1920, Hungaria ilipoteza takribani thuluthi mbili za ardhi yake. Vyuo vikuu havikuwa na fedha wala vifaa. Maabara pekee iliyokuwa na zana za maana ilikuwa ya shirika la posta, kwa sababu serikali ililazimika kuzitunza nyaya za simu zilizopita nchini humo. Békésy akaomba kazi huko. Daktari mzima wa fizikia akawa mtumishi wa posta, na hapo ndipo alipodumu hadi mwaka 1946, ukiondoa mwaka mmoja aliofanya kazi na kampuni ya Siemens mjini Berlin.

Yeyote aliyewahi kuingia katika kibanda cha simu miaka ya 1980, akapaza sauti hadi mtaa mzima ukajua habari za nyumbani kwake, anaelewa tatizo lililokuwa mbele ya wataalamu wa posta ya Budapest. Walitaka kujua waboreshe nini kwanza: nyaya, kinasasauti au kile kipande kinachowekwa sikioni. Békésy aliligeuza swali. Aliuliza ni kwa kiasi gani sikio la binadamu ni bora kuliko simu yoyote iliyowahi kuundwa. Kwake hakukuwa na maana ya kutengeneza chombo cha kupeleka sauti bila kujua chombo kinachoipokea kinafanyaje kazi.

Wakati huo ilijulikana kwamba sauti hutikisa kiwambo cha sikio, na kiwambo hutikisa vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, ambacho ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini, husukuma umajimaji uliomo katika sikio la ndani. Sehemu hiyo ya ndani, ambayo wataalamu huiita koklea, ina mizunguko miwili na nusu hivi, na ukiinyoosha haizidi urefu wa milimita 35 au karibu hapo. Katikati yake umetandazwa utando mwembamba, na juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinywele ambazo hupeleka habari ubongoni.

Fumbo lilikuwa hapo penye utando. Mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alikuwa ametoa nadharia mwaka 1863 kwamba utando huo ni kama nyuzi za kinubi zilizokazwa, kila uzi ukiitika sauti yake. Nadharia ilipendeza na ilifundishwa kila mahali. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameuona utando ukitikisika.

Békésy aliamua kuutazama. Alitumia masikio ya maiti, na ilimbidi afanye haraka kwa kuwa sehemu hizo laini huharibika upesi baada ya kifo. Mfupa unaoizunguka koklea ni miongoni mwa mifupa migumu zaidi mwilini, kwa hiyo aliutoboa kwa keekee za karakana ya posta. Mafundi walifika kazini asubuhi wakakuta mashine zao zimejaa unga wa mifupa ya watu. Mtu anaweza kuwaza manung'uniko yaliyozuka.

Upasuaji wenyewe aliufanya chini ya maji yanayotiririka ili vumbi lichukuliwe na mkondo, akitazama kwa hadubini na kutumia mikasi na visu vidogo mno alivyojitengenezea. Kisha alinyunyiza chembe za fedha juu ya tando zile zisizoonekana kwa urahisi, akaingiza sauti, na kumulika kwa taa ya kuwaka na kuzima kwa kasi iliyolingana na mtetemo. Kwa mbinu hiyo mwendo ambao jicho haliwezi kuufuata ulionekana kana kwamba unatambaa polepole.

Alichokiona hakikuwa kinubi. Lilikuwa wimbi. Shika leso kwa pindo moja na kuikung'uta. Utaona mkunjo ukisafiri hadi pindo la pili. Ndivyo wimbi linavyoanzia penye kikuku, likapita juu ya utando, likakua hadi kileleni, kisha likafifia ghafla. Mahali pa kilele hutegemea sauti. Sauti nyembamba kama ya mbu hufikia kilele karibu na mlango, na sauti nzito kama ngurumo ya radi husafiri hadi mwisho wa konokono. Sababu yake aliipata kwa kuupima utando: mlangoni ni mwembamba na mgumu, na kadiri unavyoendelea ndani unapanuka na kulegea, tofauti ya ugumu ikifikia takribani mara 100. Aliupasua pia kwa kisu aone kama kingo zitarudi nyuma, jinsi ngozi ya ngoma iliyokazwa inavyofanya. Hazikurudi. Nyuzi zilizokazwa za Helmholtz hazikuwepo.

Matokeo hayo alianza kuyachapisha mwaka 1928, akiwa bado na umri wa chini ya miaka 30. Baadaye alilichunguza wimbi hilo hilo katika masikio ya kuku, panya, ng'ombe na, hatimaye, ndovu. Kwa kila mnyama alilikuta.

Kwa watu wa Taveta, ambao mashamba yao yanapakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi na ambao hawahitaji kuelezwa ndovu ni nani, sehemu hiyo ya kazi yake ina uzito wa pekee. Binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde. Majaribio yaliyofanyiwa ndovu wa Asia, yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalionyesha kwamba mnyama huyo husikia hadi mitetemo 17. Mwaka 1988 watafiti Joyce Poole, Katy Payne na wenzao walichapisha habari za ndovu wa Amboseli, jirani tu na Tsavo, wanaowasiliana kwa miito mizito kiasi kwamba sehemu kubwa yake sikio letu haliipati. Kundi laweza kuwa linaitana juu ya mahindi ya mtu usiku kucha naye asisikie neno.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Békésy akiwa profesa wa fizikia mjini Budapest. Mji huo ulizingirwa kuanzia Desemba 1944 hadi Februari 1945, na ukaachwa magofu. Mwaka 1946 aliondoka kwenda Stockholm, Uswidi, katika Taasisi ya Karolinska. Alikaa huko muda mfupi tu, lakini ulitosha kuunda mashine ya kupimia usikivu ambayo mgonjwa mwenyewe huiendesha: anabonyeza kitufe anaposikia mlio na kukiachia unapopotea, huku kalamu ikichora mstari wa kupanda na kushuka. Kwa michoro hiyo madaktari waliweza kutofautisha uziwi wa aina moja na mwingine.

Mwaka 1947 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko alitengeneza koklea kubwa ya mfano, bomba la plastiki lililojaa maji na lenye utando wa urefu wa sentimita 30, akautumia mkono wa mtu badala ya neva za sikio. Ukilaza mkono juu ya utando huo, wimbi hupita kote, lakini utahisi mtetemo mahali pamoja tu. Sauti ikibadilika, mahali nako kunahama. Mwaka 1961 alitunukiwa peke yake Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba, ingawa hakuwa daktari wa binadamu.

Ingekuwa kumtendea hila msomaji kuishia kwenye tuzo hiyo, kwa maana Békésy hakupata yote. Masikio aliyoyapima yalikuwa ya wafu, na ili aone kitu ilimlazimu kutumia sauti kali mno. Wimbi aliloliona lilikuwa pana na butu, lisiloeleza jinsi mtu anavyotambua tofauti ndogo ya sauti mbili. Mwaka 1948 mwanasayansi kijana, Thomas Gold, alidai kwamba lazima sikio lililo hai liwe na nguvu yake lenyewe ya kukuza sauti. Hakusikilizwa. Mwaka 1971 vipimo vya William Rhode katika masikio ya nyani walio hai vilionyesha mwendo tofauti na ule wa maiti, na mwaka 1978 Mwingereza David Kemp alithibitisha kwamba sikio lenye afya hutoa sauti hafifu lenyewe. Leo watoto wachanga hupimwa usikivu kwa kuisaka sauti hiyo.

Sijui kama yangemkera. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba mtafiti anahitaji adui hodari, kwa kuwa adui atatumia muda wake kutafuta makosa yako bila kudai malipo. Na alisikitika kuwa maadui zake watatu bora walikuwa wamemharibikia kwa kugeuka marafiki.

Nguvu hiyo ya kukuza sauti hutoka katika seli zenye vinywele, ambazo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Uti wa mgongo huziua. Sindano za streptomaisini, zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, zimewaacha wengi viziwi. Kelele za mashine za kuchakata mkonge huzimaliza kidogo kidogo, na aliyewahi kumeza kwinini kwa malaria anakumbuka mvumo wa masikioni, ambao aghalabu hukoma dawa ikiisha. Pale seli zilipokwisha kufa, madaktari wa upasuaji huingiza ndani ya koklea waya wenye vituo vya umeme, jambo lililojaribiwa Paris mwaka 1957 na kuboreshwa baadaye. Vituo vya karibu na mlango hubeba sauti nyembamba, vya ndani sauti nzito. Ramani ni ile ya Békésy.

Yeye mwenyewe hakuoa. Alifanya kazi peke yake, hakupenda kuzungukwa na wanafunzi, na fedha zake alizinunulia kazi za sanaa za kale. Mwaka 1965 moto uliiteketeza maabara yake ya Harvard. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 67, alihamia Honolulu, Hawaii, ambako kampuni ya simu ilisaidia kumjengea maabara nyingine katika chuo kikuu. Huko alifariki Juni 13, 1972, na sanaa aliyokusanya aliiachia Wakfu wa Nobel.